Alama ndogo katikati ya jina

Wiki hii, nilipokuwa katika duka moja la kuchapisha kule Mbunya, mjini kwetu, mama mmoja aliyekimbia vita Djugu alikuja kutengenezesha kibao cha msalaba wa kaburi la mume wake. Fundi akaandika jina kwenye ukurasa wa PHP, lugha ya kuandikia programu, aliouunda mwenyewe, ule unaoiamuru kompyuta ichore kibao. Ukurasa ukaanguka, ukakatika bila kuchora kitu. Akazima, akawasha, ukaanguka tena. Akajaribu jina lake mwenyewe: likapita.

"Mama, shida iko hii apostrofi, hii alama ndogo katikati ya jina," akasema. "Kompyuta inazani amri imeishia pale. Tuitoe tu."

Mama akajigusa koo kwa kidole. "Hapa ndiyo sauti inakatika. Ukiitoa, unazika mutu mwingine."

Fundi akafungua programu yake, akaongeza maneno machache ya kulifunga jina zima, pamoja na alama yake, kabla kompyuta haijalipokea. "Pole, mama. Kosa haiko ya jina. Iko ya mwenye aliandika programu."

Safari hii likapita.

Watu hawa waliokimbia vita wamekwisha kuacha nyumba, mashamba na makaburi ya wazazi wao. Na sisi wa mjini, kila wanapofika kwenye madirisha ya ofisi na maduka yetu, tunawaomba waache tena kitu kidogo, ili mashine zetu zisisumbuke!

Kibao kilipotoka, mama alisoma jina kwa sauti. Katikati, pale penye alama, alisita kidogo. Sisi wote dukani tukasita naye.