Kamba ya Eproni

Ulikuwa mwaka wa viazi. Mahindi yaliugua yakakauka shambani, tukala viazi asubuhi, viazi jioni, na chai ya rangi katikati. Kila mtu alijaa gesi. Kwa hiyo tumbo langu lilipopanda, hakuna aliyeshtuka, hata mimi.

Nilikuwa nachuma majani chai na eproni ya gunia kiunoni. Kamba ikakataa kufika nyuma. Nikasema imeliwa na mvua, nikaiunga kipande. Baadaye nikaiunga tena. Wifi yangu akaniuliza kutoka mstari wa pili, "Wewe, unatuletea mtoto wa uzeeni?"

"Huyu ni wa viazi," nikamwambia. "Utamnyonyesha wewe."

Tulicheka kama wajinga.

Maumivu yaliponiangusha katikati ya chai, kijana wangu wa kwanza alinipeleka hospitali. Picha ya kwanza, ile ya kupakwa mafuta tumboni, ilionyesha uvimbe mkubwa hata daktari hakujua umeota wapi. Akanituma kwa MRI, mashine ya sumaku, aone vizuri kabla hajanikata.

Huko walinitoa hereni, na pini iliyoshika sketi, maana zipu ilikataa kufunga zamani. Nikasukumwa ndani ya shimo. Liligonga kama kiwanda cha chai kinachoharibika. Wakanidunga dawa ya kuonyesha uvimbe, mkono ukawa baridi mpaka begani. Nililala kama maiti. Nilimvalisha mume wangu alipokufa, najua maiti inavyolala.

Kwetu habari mbaya hupewa mwanaume wa boma kwanza. Siku ya majibu kijana akaniambia, "Mama, toka nje kidogo, kaa kwa benchi."

"Sitoki. Tumbo ni langu."

Daktari akatuangalia sote, akageuza kompyuta. "Kogo," akasema, kama tunavyowaita bibi kwetu, "uvimbe umetoka kwa ovari ya kushoto. Si maji tu. Ndani kuna nyama, na imekunywa ile dawa. Hiyo ni dalili mbaya. Lazima tuutoe ndio tujue kabisa."

Nikatazama. Ulikuwa mkubwa kama kabichi. Nikauliza kama huyo ndiye alikuwa anakula kamba yangu. Hakucheka.

Akafungua picha nyingine. Halafu akamwambia kijana, "Hizi alama hapa nje ya uvimbe, labda tuongee sisi wawili."

Kijana akanishika mkono ninyanyuke.

"Sitoki. Tumbo ni langu."