Kuku Waliozungushwa Jiko

Mama alirudi kutoka soko la Kiserian akiwa ameshika kuku watano, vichwa chini, miguu imefungwa kamba ya katani, naye akakata nyika ya Kitengela kana kwamba amebeba maua. Nilimwona kutoka mbali. Hapo katikati ya miaka ya tisini hakukuwa na cha kumficha mtu: nyasi, upepo, udongo mweusi uliopasuka kwa kiangazi, na nyumba yetu mpya ya mawe iliyosimama karibu peke yake.

Nyumba ilikuwa yetu, lakini baba aliishi ndani yake kama mgeni. Alikuwa karani mjini, na tulipohama kutoka nyumba ya kupanga, vitabu vyake vilikuja ndani ya katoni zilizofungwa kamba. Katoni hizo zilibaki vivyo hivyo chini ya dirisha la sebule. Mama alipouliza zitafunguliwa lini, baba alijibu kila mara, "Ngoja kwanza tuone kama hapa panakalika."

Jioni ile alisimama mlangoni akiwatazama kuku.

"Na hawa ni wa nini?"

"Ni wa kukaa," mama akasema.

"Hapa? Upepo wa hapa unabeba mabati, sembuse kuku!"

"Mtu hafugi kuku mahali anapopita njia, baba watoto. Ndiyo maana nimewaleta."

Baba akacheka, lakini alikuwa ameelewa. Akatazama katoni, akatazama kuku. "Basi tufanye hivi. Siku utakapowafungulia, wakirudi wenyewe jioni bila kufukuzwa, nitafungua hizo katoni. Wakipotea, tutaongea mambo ya kurudi mjini."

"Watoto wamesikia," mama akasema, na kwa sauti ile nilijua kwamba hakuwa anaongea tena juu ya kuku.

Banda mama alikuwa amelijenga mwenyewe kwa mabaki ya mbao na mabati ya ujenzi, akaliinua juu ya mawe ili nguchiro wasifike. Lakini kabla ya kuwaingiza, kulikuwa na jambo moja la lazima. Kwao, magharibi, kuku aliyenunuliwa huzungushwa kwenye mafiga kwanza, ili aujue moto wa boma lake. Sisi hatukuwa na mafiga. Tulikuwa na jiko la makaa. Mama akaliwasha nje karibu na tangi la maji, akamchukua kuku mmoja mmoja, akamzungusha taratibu juu ya joto huku akiwanong'oneza, "Moto wenu ni huu. Msitafute mwingine."

"Mafiga ya kwenu hayatembei," baba akamchokoza. "Hili jiko lina mikono. Kesho likihamishwa, kuku wako watamwuliza nani?"

"Watakuuliza wewe."

Jirani yetu, mama mzee wa Kimaasai ambaye zizi lake la mbuzi lilikuwa ng'ambo ya njia, alikuja kutazama maajabu hayo. "Takwenya!" mama akamwamkia kwa Kimaasai. "Iko!" akaitikia, macho yake hayatoki kwa kuku.

"Hii ndege mnakula kweli?"

"Tunakula, yeyo," mama akajibu, akimwita mama kwa lugha yake. "Tena na ugali."

"Na iko na mabawa. Si itarudi Kiserian?" Akatikisa kichwa, shanga zikalia. "Mimi nikinunua mbuzi sizungushi moto. Naweka kwa zizi na wengine, anazoea."

"Hawa hawana wengine, yeyo. Hawa ndio wa kwanza."

Mzee yule akamtazama mama vizuri, kisha akasema, "Basi zungusha."

Baada ya hapo mlango wa banda ulifungwa, ukakaa umefungwa. Tuliomba wafunguliwe, mama akakataa. Kichwa cha kuku ni kidogo, alisema, nyumba huingia humo polepole. Kila alipowapelekea mahindi aligonga kifuniko cha sufuria kwa mwiko, ngo-ngo-ngo, ndipo akamwaga. Adhuhuri alifunika waya wa dirisha la banda kwa gunia, wasitishwe na kivuli cha mwewe. Jioni alikwenda kuchungulia wanavyolala. Mwanzoni walijibana kwenye pembe moja sakafuni, wote kichwa ndani ya kichwa, kama wasafiri waliokosa gari. Mama aliwainua mmoja mmoja akawaweka juu ya mti wa kulalia uliokatiza banda. Kesho yake tena. Mpaka jioni aliyochungulia akawakuta wamepanda wenyewe, kila mmoja na nafasi yake, wala hakuna anayemsukuma mwenzake. Aliingia ndani akijifuta mikono kwenye leso, akasema tu, "Jumamosi."

Jumamosi baba alikuwa nyumbani. Mama hakuwalisha tangu asubuhi, ili wawe na sababu ya kurudi. Jua lilipoanza kulegea alifungua mlango wa banda, akageuka, akaenda kuosha vyombo. Hakuwatazama hata kidogo. Sisi ndio tuliowatazama: wakatoka kwa hatua za mtu anayeingia nyumba ya watu, mguu mmoja hewani, shingo kwanza. Kisha mmoja akaparua udongo, akapata kitu, na wote wakaanza kuparua.

Hapo upepo ukazuka, cheche zikaanza kuruka kutoka kwenye jiko lililowaka pale nje, na baba, kwa nia njema kabisa, akalishika jiko kwa mikono yake yote miwili akaliingiza ndani.

"Baba watoto! Umehamisha moto wao!"

"Moto wao? Si ni jiko langu la chai?"

Mama alitazama lile duara la majivu karibu na tangi, kisha akatazama nyikani. Kuku walikuwa wamevuka njia. Mbuzi wa jirani walikuwa wanarudi na vumbi lao, na kuku wetu walikuwa katikati ya miguu ya mbuzi, wakiingia zizini pamoja nao.

"Ndege zako ziko kwa mbuzi zangu!" jirani akaita. "Nifukuze?"

"Usifukuze, yeyo! Ziache tu!"

Jua lilishagusa vilima. Baba alisimama mlangoni, mikono kifuani. Mama akachukua kifuniko na mwiko. Ngo-ngo-ngo. Upepo ukaibeba sauti, tusione kitu. Ngo-ngo-ngo. Kwenye miiba ya zizi ikachomoza shingo moja ya madoadoa, ikasikiliza, halafu kuku huyo akatimua mbio, mabawa wazi, na wenzake nyuma yake, kama wasichana waliochelewa kengele ya shule. Walipita miguuni mwa baba bila kumjali, wakaruka ndani ya banda.

Wanne.

Wa tano, yule mweusi, hakuwepo. Mama aliendelea kugonga. Hakuna aliyetaja katoni. Ndipo baba alipotoka mlangoni, akavuka ua hadi njiani, akaweka viganja mdomoni, na kutoka kwake ikaja sauti ambayo sikuwahi kuisikia: "Kuru-kuru-kuru-kuruuu!" Ilikuwa ndefu na laini, sauti ya uani kwa mama yake, ya mtoto aliyetumwa kuita kuku jioni. Jirani akaangua kicheko. "Ati sasa baba mwenyewe amekuwa ndege!" Baba hakugeuka. Aliita tena, akaegemea upepo, kama mtu aliyepoteza kitu chake.

Nilikimbilia ndani kuchukua mahindi zaidi, na humo jikoni nikamkuta yule mweusi. Alikuwa ametulia kando ya jiko, upande wenye joto, macho nusu wazi.

"Mama! Iko hapa! Iko kwa jiko!"

Mama na baba waliingia pamoja, wakasimama wakimtazama.

"Huyu alifuata joto tu," baba akasema, akihema.

"Alifuata moto wake. Ulipouhamisha akakufuata."

Ubishi huo waliendelea nao miaka mingi, hata baada ya nyumba za watu kuziba nyika yote na kuku wa Kitengela kuwa wengi wasiohesabika. Lakini jioni ile baba hakubisha sana. Alichukua kisu cha jikoni, akapiga magoti chini ya dirisha la sebule, akakata kamba za katoni.

Katoni ya kwanza ilipobaki tupu, mama aliijaza nyasi kavu akaiweka bandani. Humo ndimo yule mweusi alimotaga yai la kwanza. Mama hakulipika. Asubuhi ya kazi baba alilifunga ndani ya kitambaa cha mkononi, akalitia kwenye mfuko wa koti, akaenda nalo mjini kuwaonyesha makarani wenzake yai la nyumbani kwake, na jioni akalirudisha zima.