Plasta Tatu kwenye Chupa Moja

Saa moja na nusu asubuhi, Mkuyuni. Duka la vipuri la jirani bado limefungwa, lakini Dorcas Chenge ameshafungua kabati la dawa la kliniki ya mifugo anakofanya kazi. Anatoa chupa moja moja na kuzipanga mezani. Anainua ya kwanza na kuisoma kwa sauti, ingawa chumbani hakuna wa kumsikiliza isipokuwa mwandishi wa makala haya na paka mmoja mwenye bandeji mguuni.

"Imefunguliwa tarehe sita. Leo siku ya kumi na moja. Inaendelea."

Anainua ya pili, anaigeuza, anahesabu kwa vidole. Siku ya ishirini na tisa. Chupa ina dawa zaidi ya nusu, na ukiitazama huoni kasoro yoyote. Dorcas anaitumbukiza kwenye ndoo nyekundu yenye mfuniko, anafungua daftari, anaandika, anatia sahihi.

"Mwenye kliniki akiona, inamuuma," anasema. "Lakini haongei tena."

Kwenye rafu ya juu kabisa ipo chupa moja tupu ambayo haimo katika hesabu za asubuhi. Imezungushiwa plasta nyeupe, ile ya kufungia vidonda, iliyobanduliwa nusu. Chini ya plasta hiyo ipo nyingine, na chini yake nyingine. Namuuliza ni ya nini. Ananipa mkononi, halafu macho yake yanakwenda sakafuni.

"Hiyo ndiyo aibu yangu," anasema.

Dorcas ana umri wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Misungwi, mwenye astashahada ya afya ya mifugo. Ameajiriwa hapa kwa miaka tisa, na mshahara wa shilingi laki tatu na ishirini kwa mwezi unamlisha yeye, mama yake na watoto wake wawili. Alipokewa kama msaidizi wa kushika mbwa wakati wa chanjo. Mwaka wa pili mwajiri wake, Dk. Revocatus Alexander, alimkabidhi daftari la dawa, kwa sababu mwandiko wake unasomeka na meza yake haina vumbi.

Usafi huo ndio uliomponza.

Dawa ya sindano ya chupa kubwa huchomwa sindano mara nyingi kupitia kifuniko chake cha mpira. Ikishachomwa mara ya kwanza, siku zake zinaanza kuhesabika. Nyingi hupewa ishirini na nane. Kwa hiyo kliniki ilikuwa na desturi yake: ukifungua chupa, unabandika kipande cha plasta na kuandika tarehe. Plasta hushikwa na mikono yenye damu, mafuta na mavi ya mbuzi. Baada ya wiki tatu haitamaniki.

"Mimi uchafu siuwezi," Dorcas anaeleza. "Nikiona plasta imechafuka nabandika mpya juu yake. Na mkono unaandika tarehe ya siku ile. Nilikuwa naandika tarehe ya plasta, siyo ya dawa. Chupa inazeeka, mimi naipa ujana."

Anasema hakujua anachokifanya. Kisha anajisahihisha mwenyewe. "Tarehe ya kweli ilikuwa kwenye daftari. Daftari niliandika mimi. Kwa hiyo nilijua, ila sikuangalia."

Nakiri kwamba hapo nilikumbuka chupa ya dawa ya kikohozi iliyo nyumbani kwangu, iliyofunguliwa sijui mwaka gani, nikaona haya kidogo. Lakini dawa yangu haijamkosesha mtu kulima shamba lake.

Novemba mwaka juzi, mvua za kwanza zilipoanza, simu ilitoka kijijini Bujora. Mzee Shigela alikuwa na maksai wawili aliowafundisha jembe mwenyewe kwa misimu miwili. Mmoja alimwita Greda, mwingine Tingatinga, kwa sababu walivyopita, ardhi iligeuka. Tingatinga alikuwa na homa, ameacha kula, fizi zimepauka. Dk. Revocatus aliitambua ndigana baridi, ugonjwa unaoletwa na kupe, akiwa bado kwenye simu.

Kliniki ya mjini hutibu zaidi mbwa, paka na mbuzi. Wanyama hao hutumia dawa kidogo kidogo, ndiyo maana chupa moja hukaa muda mrefu. Wakienda vijijini hubeba mpya. Siku hiyo mpya zilikuwa zimekwisha. Dorcas alichukua iliyokuwepo, ikiwa imebaki chini ya nusu, akasoma plasta: tarehe thelathini Oktoba. Siku ishirini tu. Akaiweka kwenye boksi.

Walifika, wakamfunga maksai kwenye mti wa boma. Dk. Revocatus alivuta dawa kwenye bomba la sindano. Hapo mke wa mzee, Mama Mhoja, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, akasogea akatazama.

"Daktari, mbona hii ni nyeusi? Ya mwaka jana ilikuwa ya njano."

Dk. Revocatus alicheka. "Mama, mwache daktari afanye kazi yake."

"Na mimi nilicheka," Dorcas anasema. "Siyo sana. Nilicheka kwa sababu bosi amecheka. Na niliiona, ilikuwa kama chai ya rangi. Niliiona kabisa."

Siku ya tatu Tingatinga alikufa. Pale alipochomwa palikuwa pamevimba, pamejaa usaha. Dk. Revocatus alirudi akamtazama, akauliza aliugua lini. Ikajulikana kuwa alianza kuzubaa Jumamosi, wakati mzee yuko msibani Magu, na Mama Mhoja alisubiri mumewe arudi Jumatatu ndipo daktari aitwe, kwa kuwa ng'ombe ni wa mwanamume na uamuzi ni wake.

"Mngeniita Jumamosi tungemwokoa," daktari akasema.

Sentensi hiyo moja ilitosha. Kuanzia siku ile, Bujora nzima ilijua kwamba Mama Mhoja ameua maksai kwa kukaa kimya. Greda peke yake havuti jembe la wawili. Ekari sita za mzee zikawa mbili, zilizolimwa kwa mkono. Kikundi cha akina mama, ambacho maksai wale ndio waliokuwa wakikilimia, nacho kikashika majembe ya mkono, na kila mgongo uliouma ulimkumbuka yeye. Akaacha kwenda kikundini.

"Waliniita Jumamosi," Mama Mhoja mwenyewe ananiambia, bila kutabasamu. "Likawa jina langu. 'Jumamosi huyo anapita.'"

Mwisho wa Desemba, Dorcas alikuwa akihesabu dawa za kufunga mwaka. Alitaka kuosha chupa tupu kabla ya kuziharibu, akabandua plasta ya mojawapo. Chini yake akakuta plasta nyingine, tarehe tatu Oktoba. Chini ya hiyo, tarehe kumi na moja Septemba. Akafungua daftari akafuata kwa kidole namba ya toleo iliyochapwa kwenye chupa. Mbwa, mbuzi, mbuzi, mbwa, maksai wa Shigela. Siku sitini na tisa. Mbuzi wa mwisho naye alikuwa amerudishwa na jipu.

"Siwezi kuapa kwamba dawa ndiyo iliyomuua," anasema. "Ndigana huua. Kuchelewa kunaua. Lakini siwezi kuapa kwamba siyo."

Alifanya nini? Alirudishia plasta, akaificha chupa nyuma ya katoni za glavu, akakaa kimya miezi minne. Hilo analisema bila kuulizwa mara mbili. Kanisani alihama kiti cha mbele.

Aprili, Mzee Shigela alikuja mwenyewe kliniki kununua dawa ya minyoo. Mteja mmoja alimtania kwa nini siku hizi ananunua kidogo. Mzee akajibu mbele ya watu, "Nitanunuaje nyingi? Mke wangu aliniulia ng'ombe." Watu wakacheka. Dorcas akagonga muhuri kwenye risiti, akampa kwa mikono miwili, akasema, "Karibu tena, baba."

"Nilipomaliza kusema 'karibu tena' nikajiona mchafu," anasema. "Mimi niliyekuwa nabadilisha plasta."

Jioni hiyo hiyo alimpelekea Dk. Revocatus chupa na daftari. Daktari alitazama vyote viwili, kisha akasema, "Dorcas, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

"Kwa Mama Mhoja hayajapita, daktari."

Dk. Revocatus si mtu mbaya; ni mtu mwenye kliniki. Alikubali waende pamoja Jumapili. Jumapili ilipofika akapata dharura ya ng'ombe wa kuzalisha. Nilipomuuliza kama dharura hiyo ilikuwepo kweli, alivua miwani akaifuta.

"Ilikuwepo," alisema. "Lakini ningeweza kumtuma mwenzangu. Mimi ndiye niliyesema wamechelewa. Nilikuwa na haya kuliko Dorcas, ila yeye alikuwa na miguu ya kwenda."

Dorcas alikwenda peke yake baada ya ibada. Alimkuta Mama Mhoja uani akikata viazi vya michembe na kuvianika juu ya jiwe, mzee akiwa kwenye kiti chake kando ya boma. Akaamkia, "Shikamooni." Akaitikiwa. Hakukaa. Alitoa chupa kwenye mkoba, akabandua plasta moja baada ya nyingine, akaeleza akiwa amesimama.

Mzee Shigela aliinuka akaenda kusimama karibu na Greda, akiwapa mgongo.

Mama Mhoja aliendelea kukata kiazi hadi kikaisha. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo ile dawa ilikuwa nyeusi kweli?"

"Ndiyo, mama. Ilikuwa nyeusi."

"Nilikuwa naona vizuri."

"Ulikuwa unaona vizuri, mama."

Siku hiyo Dorcas hakukaribishwa hata maji ya kunywa, na mgeni kuondoka katika nyumba ya Kisukuma hajanywa maji si jambo dogo. "Nilistahili," anasema. Alilia njiani hadi Kisesa, na hakuwa na leso, akajifuta kwa karatasi za daftari.

Wiki ile Mzee Shigela alikwenda kwa kaka yake Mihayo, ambako wanaume hukaa, akasema mwenyewe kwamba mke wake hakuua ng'ombe. Mkewe hajasikia neno la kuomba msamaha kutoka kinywani mwake mpaka leo. "Ana haya," Mama Mhoja ananiambia. "Siku hizi nikisema ng'ombe anaumwa, anapiga simu kabla sijamaliza." Dk. Revocatus naye alifika hatimaye, na miezi miwili baadaye kliniki ilipeleka Bujora fahali mdogo. Mzee amemhasi, lakini bado anakwenda upande upande. Greda anamvumilia.

Kliniki haitumii plasta tena. Tarehe huandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye chupa yenyewe, na kwenye daftari saa ile ile, na mtu wa pili huisoma kwa sauti. Asipokuwepo mtu wa pili, Dorcas hujisomea mwenyewe, kama leo, mbele ya paka.

Mchana tunakwenda naye Bujora. Maksai mpya ana homa. Dorcas anavuta dawa, na kabla hajageuka, mkono wa Mama Mhoja umeshanyooshwa. Anapewa bomba la sindano. Analiinua juani, analigeuza polepole, na sote tunasubiri, mzee pamoja nasi.

"Imefunguliwa juzi, mama. Siku ya tatu," Dorcas anasema.

"Tarehe ni yako. Mimi naangalia rangi." Anarudisha bomba. "Njano. Mchome."

Namuuliza Dorcas kando kama amesamehewa. "Sijamuuliza," anajibu. "Naogopa jibu."

Ila ana mpango. Mwezi ujao, siku ya kuogesha mifugo, wafugaji watakusanyika joshoni, naye ameomba dakika kumi awaambie kwamba ni haki yao kuuliza chupa imefunguliwa lini, na kuitazama. Alimwomba Mama Mhoja asimame pamoja naye. Mama alikubali kwa sharti moja: mwanzo uwe Tingatinga, mafundisho yafuate.

Sentensi ya kwanza ameshaiandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Tukiwa tumekaa uani, kila mmoja na kikombe chake cha maji, Mama Mhoja anarudi kwenye viazi vyake na kumwambia aisome.

Dorcas anafungua daftari. "Naitwa Dorcas Chenge," anaanza, na sauti inashuka. "Mimi ndiye niliyebeba dawa iliyoharibika..." Maneno yanayofuata hayasikiki hata kwangu niliye karibu.

Kisu cha Mama Mhoja kinasimama.

"Sauti, mwanangu," anasema. "Wa nyuma hawatasikia. Anza upya."

Dorcas anafuta macho, anaanza upya.