Neno Nililolitoa Chumbani

Mwanamke aliyenifundisha kuosha maiti alizikwa mwaka jana, na sikumwosha mimi. Hapa Chumbageni watu wanajua kwa nini. Naandika kwa sababu wengine, kwa kunionea huruma, wanalipunguza kosa langu wanapolisimulia.

Nilikuwa nimeachika, nimerudi kwa mama na elimu yangu ya darasa la saba, nikiuza vitumbua asubuhi. Yeye alikuwa jirani yetu, mjane, na ndiye aliyeitwa kila mwanamke alipofariki mtaani. Siku moja alipungukiwa mtu, akaja kusimama mlangoni kwetu.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Una roho ngumu?"

"Sina."

Akacheka. "Basi twende. Wenye roho ngumu humwaga maji vibaya."

Nje alikuwa mtu wa mizaha, lakini mle ndani sauti yake ilishuka. Alizungumza na maiti kama anavyozungumza mtu na mgonjwa aliyelala. "Nakugeuza sasa, mwenzangu. Upande wa kulia kwanza." Alitufundisha kushika kitambaa chini ya shuka bila kumfunua mtu, na kuyajaribu maji kwa kiwiko. Na alikuwa na sharti moja ambalo kila mwosha analijua. Ukiona zuri, kama uso uliotulia, useme. Ukiona aibu, uizike pamoja naye. Hili nililijua. Sitajificha nyuma ya ujinga.

Mwaka wa pili tulimwosha mama mmoja wa mtaa wetu, mtu msafi, mwenye haya nyingi. Tulikuwa watatu: mwalimu wangu, mimi, na mwanamke mmoja wa Kibondei ambaye hakuwa msemaji. Tulipomvua nguo tuliona kwamba marehemu hakuwa na titi la kushoto. Palikuwa na kovu la zamani, lililokwisha kuwa jeupe. Mwalimu wangu alilifunika kwa shuka, akaendelea na kazi.

Kesho yake, nikikaanga vitumbua, nilimwambia rafiki yangu. Kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba nilisema kwa kumhurumia marehemu. Si kweli. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa na jambo ambalo wengine hawana, nikataka mtu aone kwamba ninalo.

Neno lilifika sokoni kabla ya hitima. Binti wa marehemu alilisikia kwenye meza ya samaki, kwa mtu aliyekuwa akimpa pole. Alikuja moja kwa moja kwa mwalimu wangu, kapu likiwa bado mkononi. Mimi nilikuwa pale pale barazani, nikichambua mchele.

"Mama alituaga anakwenda Maramba kwa ndugu," alisema. "Akakaa miezi. Aliporudi amekonda tukamtania, tukamwambia ndugu zako hawakupi chakula. Kumbe alikwenda kukatwa peke yake. Na mimi mwanawe nimeambiwa leo na muuza samaki! Mliingia watatu. Nani aliyesema?"

Mikono yangu ilisimama ndani ya ungo. Mwalimu wangu hakunitazama hata kidogo.

"Niliyewaingiza mle ndani ni mimi," alisema. "Neno likitoka, nimelitoa mimi. Nisamehe, mwanangu."

"Sikusamehe."

"Una haki."

Toka siku hiyo hakuitwa tena mtaani. Msiba ukitokea, watu waliwafuata waosha wa mtaa mwingine, nao wakapita mbele ya mlango wake. Wanawake walipomwona msibani walipunguza sauti kwa namna ambayo lazima uisikie. Yeye alikaa mkekani na wenzake, akala pilau, akaitikia dua, akarudi nyumbani. Akaanza kuwaosha wasio na watu, wale wanaofia hospitalini bila ndugu, na wengine wa vijijini huko Tongoni, kwao. Mimi alinichukua kila mara.

Siku moja, tukirudi, nilimwuliza, "Kwa nini hukunitaja?"

"Ningekutaja, ungeosha tena?"

"Nisingeosha."

"Basi." Tukatembea. Kisha akasema, "Mimi katika umri wako nilicheka mle ndani. Maiti alikuwa na kidole cha sita mguuni. Nilicheka kwa sauti, na dada yake yuko nyuma ya pazia, anasikia. Aliyekuwa mkubwa wetu aliniambia, kamata ndoo, maji yanapoa. Hakuongeza neno. Mtu hukua, mwanangu, ila apewe pa kukulia."

Nilikua, lakini nilikua pole pole mno. Nilijifunza kunyamaza juu ya wafu wote, nikanyamaza na juu ya hilo pia. Kwa miaka tisa aliibeba aibu yangu mbele ya macho yangu. Kila mwezi wa Ramadhani nilijiambia kwamba nitakwenda kwa yule binti nikakiri. Lakini nilikuwa na maisha yangu sasa, watu walikuwa wameanza kuniheshimu.

Mwalimu wangu alianguka jikoni asubuhi, akafa kabla ya adhuhuri. Uani kwake walijaa wanawake. Mdogo wake alifika kutoka Tongoni kusimamia mambo. Mimi nilikuwa na ndoo ya maji ya majani ya mkunazi mkononi, naelekea chumbani, niliposikia sauti mkekani. Ni yule binti.

"Mwosha huoshwa," alisema. "Haya, na yake tutayasikia sokoni."

Mtu mmoja akacheka kidogo. Nikaiweka ndoo chini.

"Si yeye," nikasema. "Neno la mama yako nililitoa mimi. Yeye hakumwambia mtu."

Mdogo wa marehemu alinisogelea.

"Dada alijua?"

"Alijua."

"Na wewe ukamwacha hivyo miaka yote hii?"

"Ndiyo."

Akaichukua ndoo. "Kaa nje," aliniambia. Kisha akawageukia wanawake. "Nahitaji mtu mmoja."

Aliyeinuka ni yule binti. Alikuwa analia. Alijifunga khanga kiunoni, akaingia.

Nilikaa ukutani nikasikiliza maji. Nilijua kila hatua, sasa mkono, sasa wanamgeuza, sasa kafuri. Walipotoka, wanawake walimwuliza binti, vipi? Akasema, "Alikuwa mwepesi. Uso wake ulitulia." Hakusema zaidi.

Siku hizi ndiye anayeitwa. Wanasema hata wasichana wanaoogopa huingia naye bila kutetemeka. Mwezi uliopita alinitumia mtu kusema hakuna mwanamke wa kuchota maji. Nikaenda. Nachota, napasha moto, najaribu kwa kiwiko, napitisha ndoo chini ya pazia, na mkono wake unaipokea. Hajaniambia niingie. Nami sijamwomba.