Filimbi ya Shemeji

Nilivunjika paja nilipokuwa juu ya gari, nikifunga mizigo ya wageni waliokuwa wanakwenda Ngorongoro. Mguu uliteleza, nikaanguka chini kama gunia. Hospitalini waliniwekea chuma, wakanirudisha nyumbani Karatu na magongo mawili na agizo moja: nitembee kila siku.

Sikutembea. Niliona aibu. Watu wa mtaa wetu walizoea kuniona nyuma ya usukani, nikipiga honi na kuwapungia mkono, na sasa nilikuwa mtu wa kushikwa hata kwenda chooni. Nilishinda sebuleni pazia limefungwa, nikisikiliza magari ya madereva wenzangu yakipita kwenda kreta ya Ngorongoro.

Mke wangu alikuwa anacheza netiboli. Yeye na akina mama wenzake walikutana jioni kwenye bustani ya mtaa: kiwanja cha udongo mwekundu, bembea za watoto, mabenchi ya saruji, na miti ya grevilea ambayo wakazi waliipanda wenyewe. Jioni moja alisimama mlangoni, raba mkononi.

"Baba, leo unanisindikiza."

"Na magongo haya?"

"Si ndiyo kazi yake?"

Njia ile fupi ilinimaliza. Nilifika nimelowa jasho, ingawa upepo wa upande wa mlima Oldeani ulikuwa wa baridi, nikajitupa kwenye benchi. Kumbe refa wao alikuwa amehamia Arusha, na kila mpira ukitoka ilikuwa ugomvi. Nahodha, mama wa Kichaga mwenye duka la vitenge, alinijia akanivisha filimbi shingoni bila hata kuniuliza.

"Shemeji, wewe huna timu. Tuamulie."

Katika sheria zote nilijua moja tu, kwamba mwenye mpira hatembei. Basi nikawa napuliza kwa kosa hilo peke yake. Mama mmoja wa Kiiraqw, mrefu, aliyekulia mashambani Daa, alinigeukia mikono kiunoni.

"Shemeji, kwa sababu wewe hutembei, unataka wote tufanane?"

Uwanja mzima ukacheka. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu nianguke.

Kesho yake sikusubiri kuitwa. Usiku mke wangu alinifundisha sheria kwa vikombe vya chai mezani, na jioni nilizitumia. Nikiwa kwenye benchi sikuona vizuri goli la mbali, kwa hiyo nilianza kufuata mstari wa pembeni, kwanza kwa magongo mawili, baadaye kwa moja, mwishowe kwa fimbo. Nilipochoka, mmoja wao alisimamisha mchezo akisingizia kufunga kamba za raba. Nilijua wananisubiri.

Kisha akina mama wa Endabash wakaja kucheza na wetu. Watu walijaa mpaka kwenye bembea. Mechi ilikuwa sare, inakaribia kwisha, mke wangu akapokea mpira karibu na goli, akarusha, ukaingia. Shangwe! Lakini nilikuwa nimeona. Nilipuliza, nikaenda moja kwa moja hadi aliposimama.

"Umetembea," nikamwambia. "Si bao."

"Mimi?"

"Wewe."

Wa Endabash wakapewa mpira, wakaupeleka, wakafunga. Tukashindwa nyumbani kwetu. Nahodha alinitazama kwa jicho kali, kisha akaenda kuwapa wageni mikono.

Tulirudi nyumbani. Mke wangu alitangulia, amevimba, nami nikamfuata nikitafuta maneno ya kumtuliza. Tulipokaribia mlango aligeuka ghafla. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na huku anacheka.

"Umevuka uwanja mzima bila fimbo," alisema, "kuja kuninyima bao!"

Nilitazama mikono yangu. Fimbo ilikuwa imebaki kwenye nyasi kando ya mstari, na sikuwa nimeikumbuka njia nzima. Nilimshika bega, tukasimama pale pale hadi jirani akatuuliza kama kuna msiba.

Nimerudi kazini sasa, na barabara ya kushuka kreta haijanitisha. Wageni wakiniuliza kwa nini nachechemea kidogo, huwashukuru kwanza madaktari, maana chuma ni chao. Kisha nawasimulia habari za kiwanja kimoja cha vumbi na wanawake walionifanyia kazi ya kuninyanyua kwa namna ambayo niliamini mimi ndiye ninayewasaidia wao.