Siku Niliyoruka Salamu za Barua

Jamani, hili nalisema kwa aibu, maana mimi ndiye niliyemuua Mzee Pius, na silaha yangu ilikuwa uvivu wa kusoma salamu.

Nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima katika kijiji cha ujamaa karibu na Chala, kijana wa kalamu mfukoni na kiburi chake, na barua zote za kijiji nilisoma mimi. Siku hiyo tunavuna mahindi kwenye shamba la kijiji, Mama Kalista akanijia na barua ya mwanawe wa Mtowisa, kule bondeni alikoteremka mumewe, Mzee Pius, kusaidia mavuno ya mpunga. Karatasi mbili. Ya kwanza yote salamu (mnazijua barua zetu, mpaka kuku wanasalimiwa), nikaiachia ikaanguka, nikaanza ya pili kwa sauti ya redioni: "Alianza kuugua Jumapili, akawa hali wala hanywi, na Jumanne akaanguka, hakuinuka tena."

"Nani huyo, mwalimu?" Mama Kalista akauliza, mkono kifuani.

Kuokota ile ya kwanza nikatazame, wapi! Kwangu mimi aliyekwenda Mtowisa ni mmoja tu. Nikainamisha kichwa. "Pole, mama. Ni mzee."

Weee! Mama akaanguka chini, vikapu vikatupwa, kazi ya kijiji ikasimama, katekista akakimbilia kengele, na kufika adhuhuri wanawake wanaingia kwake na kuni na unga wa msibani, na mimi (Mungu anisamehe) nimesimama uani nasimulia wema wa marehemu.

Aliyeniokoa ni Bibi Felista, mwanafunzi wangu wa mwisho darasani, anayesoma kwa kidole, neno moja moja. Alikuwa ameiokota ile karatasi shambani. Akaanza salamu ya kwanza, sote tukimngoja, mpaka akafika chini kabisa: "Baba ni mzima, anauliza kama ulezi wenu umekauka. Ila, mama, yule maksai wetu mwekundu..."

Kumbe aliyeanguka Jumanne ni ng'ombe! Mama Kalista akainuka, nami nikajua leo napigwa, na ni haki yangu.

"Bibi, rudia hapo pa ulezi," akasema.

Akasomewa tena mara tatu, na hapo ndipo alipolia hasa, nami nikalia naye kwa furaha, kama niliyetuliwa gunia kichwani. Tangu hapo salamu nazisoma zote, hata za kuku.

Wiki mbili baadaye Mzee Pius akapanda kutoka bondeni, habari zimeshamfikia. Nikamuwahi, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akasema, kanishika mkono hauachii. "Nasikia umenililia vizuri. Lakini siku nikifa kweli, barua asome Felista."