Binti Maji wa Jumamosi Saa Kumi

Enzi zetu, na wenzangu mliokulia mtaa wa Songo mtanisaidia kukumbuka, epizodi moja ilikuwa chakula cha wiki nzima. Ilikwisha Jumamosi, tukaitafuna Jumapili tukitoka misa, tukaiigiza Jumatatu saa ya mapumziko shuleni, na hadi Ijumaa bado tulikuwa tunabishana kama yule mwanaume wa koti jeupe alikuwa mume au mwizi. Watoto wa leo wanameza epizodi kumi kwa mlo mmoja, simu juu ya tumbo, halafu ukiwauliza nani kamuoa nani wanakujibu, "Mama, nimesahau."

Televizyo ya mtaa wetu ilikuwa moja, ya Mama Aline, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Antena yake ilifungwa juu ya mwanzi mrefu, ikaelekezwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Bujumbura, kwa sababu picha nzuri zilitoka huko. Kila Jumamosi, kabla ya saa kumi, mume wake alisimama nje akiuzungusha ule mwanzi, na sisi watoto ndani tulipiga kelele: "Hapo! Hapo! Umepitisha, Papa Aline, rudisha!" Sharti la kuingia lilikuwa miguu safi. Tulinawa kwenye beseni mlangoni, tukakaa chini kwenye simenti, magoti yakigusana, na harufu ya ndagala zinazokaangwa kwa mawese ikitutesa kutoka jikoni.

Tamthilia yenyewe ilikuwa kwa Kifaransa. Jina lake la kweli silijui mpaka leo. Sisi tuliiita Binti Maji. Wadogo hatukusikia hata neno, lakini tulikuwa na mkalimani: dada yangu mkubwa Zawadi, tuliyemwita yaya kama dada wote wakubwa wa kwetu, mwenye miaka kumi na mitatu, aliyekuwa ameanza sekondari mwaka ule. Alikaa mbele kabisa, mgongo umenyooka kama katekista, akitufasiria. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nilimwamini kuliko mwalimu.

Epizodi ya kwanza mimi niliiona mbovu. Mwanamke mwenye gauni jeupe anatoka majini, anatembea, anatazama nyumba za watu, basi. Hakuna aliyekula, hakuna aliyepigwa. Ya pili ilinibadilisha. Mama mmoja anaamka asubuhi, anafungua mlango, anakuta alama za miguu ya maji zimepanda ngazi hadi kizingitini, halafu hazikurudi. Hakuna aliyeonekana, na ndiyo maana niliogopa. Hata sasa nasema epizodi ile ilitengenezwa na mtu anayejua kazi yake, maana alituacha tuijaze wenyewe ile nyumba.

Ya tatu ndiyo iliyotuharibu. Mtoto wa kike anakwenda ufukweni na ndoo. Anainama. Ndani ya maji, chini ya uso wake mwenyewe, kuna uso mwingine. Muziki ukakatika. Kisha tukaona ndoo peke yake ikielea, na yule mwanamke akasema maneno machache polepole, akitutazama sisi.

"Anasema nini? Yaya, anasema nini?"

Zawadi aligeuka akatutazama sote. Halafu akasema: "Anasema, iko nabeba batoto benye kuja kuvoma peke yao. Benye bidoni ya manjano ndiyo anapenda zaidi."

Katika Songo nzima, nani hakuwa akichota maji kwa bidoni ya manjano, yale madumu ya plastiki?

Tangu siku ile nilianza kuogopa maji. Niliogopa beseni. Niliogopa sakafu ikilowa, nikaiangalia kwanza kama kuna tone lenye umbo la kidole. Mdogo wetu Sifa, mwenye miaka minne, alipooga uani na kuingia ndani na miguu mibichi, nilipiga ukelele hadi Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Sikumwambia kwa nini. Mama alikuwa na msemo wake: "Mutoto mwenye kuogopa kivuli, kesho atakimbia mwili." Angetukataza televizyo, na televizyo, pamoja na hofu yote ile, hatukuweza kuiacha.

Wiki iliyofuata umeme ukakatika kwenye pampu na robine ya mtaa, bomba letu la maji, ikakauka. Enzi zile jambo hilo halikumshangaza mtu. Mama alitupatia bidoni mbili na kutuelekeza: twende ziwani, pale penye mama wa kloro, yule aliyekaa ufukweni na chupa yake akitia dawa kwenye bidoni za watu, maana kolera ilikuwa imeanza kutajwa mjini. "Musipite pengine," alisema. "Na musirudi bila dawa."

Tulifika hadi mahali ambapo ziwa linaonekana kati ya nyumba mbili. Lilikuwa shwari, linang'aa, na upande wa pili milima ya Burundi ilikuwa ya buluu. Nikaitua bidoni yangu chini.

"Minye siende pale," nikasema.

Nilitegemea Zawadi anicheke. Hakucheka. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Hata minye," akasema. "Tuvome ku kijito."

Kijito kile kilishuka kutoka mlimani, kikapita nyuma ya nyumba za watu. Maji yake yalionekana safi, unaona hadi mawe. Lakini juu kidogo watu walifua nepi, na juu zaidi kulikuwa na vyoo. Hilo kila mtoto wa Songo alilijua. Tulijaza bidoni zetu, tukakaa chini ya ukuta muda mrefu ili ionekane tumetoka mbali, tukarudi.

Mama alinusa mdomo wa bidoni. "Mbona haiko na harufu ya dawa?"

"Wamepunguza, Mama," Zawadi akajibu. "Watu iko wengi."

Tulifanya hivyo siku nne. Kila siku uongo ulikuwa mwepesi kidogo, na kila siku nilijiambia robine itarudi kesho.

Siku ya tano asubuhi Sifa hakuamka kucheza. Alianza kuharisha maji matupu, meupe kama maji ya kuoshea mchele, na kutapika, na tena kuharisha. Ndani ya saa chache macho yake yalizama, na ngozi ya tumbo Mama alipoibana ilibaki imesimama kama kitambaa. Mama alimfunga mgongoni, akanipa beseni, tukaenda mbio hadi kwenye mahema ya wagonjwa wa kolera. Njiani kichwa cha Sifa kilikuwa kinagonga mgongo wa Mama kama kitu kisicho na mwenyewe. Nilikimbia nyuma nikikiangalia, nikiogopa kwamba nikipepesa macho kitaacha hata kugonga.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mwanamke mnene mwenye buti za plastiki. Alitafuta mshipa mkononi, hakuupata, akatafuta mguuni. Huku akitafuta aliuliza, "Munavomaka wapi maji?"

"Ku ziwa," Mama akasema. "Kwa mama wa kloro. Kila siku."

Muuguzi akamtazama. "Maji ya dawa? Basi hii imetoka pengine. Mutoto amekula nini?"

Na Mama yangu maskini akaanza kujichunguza kwa sauti: "Labda ndagala, labda embe aliyoiokota, labda mikono yangu mwenyewe, dokta, labda sikunawa vizuri." Mimi nilisimama hapo na beseni. Nimeogopa mambo mengi tangu siku ile, lakini hofu ya namna ile, ya kumsikia mama yako akijitwika kosa lako na wewe unanyamaza, sijaiona tena, na Mungu asinirudishie.

Mama alinituma nyumbani nikachukue kitenge. Nilipofika uani nilimkuta Mama Aline. Alikuwa amekuja kutusaidia, kama majirani wa wakati ule walivyofanya bila kuitwa: amefagia, amepika bugali na sombe, amekalisha watoto wake watatu pamoja na Zawadi. Na katikati yao kulikuwa na jagi la maji. Aline, rafiki yangu wa darasani, alikuwa ameshika kikombe.

Nilimtazama Zawadi. Alikuwa ameinamisha uso, machozi yanadondoka kwenye sahani, na bado hakusema.

"Usinywe!" nikapiga kelele. Nilimrukia Aline, kikombe kikaanguka, nikalipindua na jagi lenyewe. "Ni maji ya kijito! Hatukufika ku ziwa! Siku zote hatukufika!"

Mama Aline alinikamata mabega. Nilidhani atanipiga. "Rudia," akasema. Nikarudia. Alichukua bidoni zote mbili akazimwaga nyuma ya choo, akawaambia watoto wake wasiguse kitu, kisha akanishika mkono. Tulirudi kwenye mahema pamoja na nikayasema yale maneno mara ya tatu, mbele ya Mama, na safari hii nikamtaja na Binti Maji.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akageuka, akaendelea kumpa Sifa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kijiko baada ya kijiko. Hakunipiga. Hakunitazama siku mbili.

Siku ya tatu Sifa alifungua macho akaomba ndizi. Muuguzi wa buti alicheka, akasema mwenye kuomba ndizi haendi kokote. Leo Sifa ni mama wa watoto wawili, mnene, mwenye kelele, na hakumbuki chochote.

Papa alikuwa Luberizi kwenye mashamba ya mpunga. Habari ilimfikia, akapanda lori akaja. Tulimngojea mimi na Zawadi tukiwa tumevaa nguo mbili mbili, tukijua fimbo haikwepeki. Hakuchukua fimbo. Alisema, "Chukueni bidoni, tuende." Alitupeleka hadi ziwani, akakunja suruali, akatushika mikono, mmoja huku mmoja huku, akatuingiza majini hadi magotini. Nilifumba macho nikingojea mkono mwingine uniguse.

Baadaye kidogo Papa akauliza, "Nani aliwaambia huyu mwanamuke wa ku televizyo anabeba batoto?"

"Ni minye," Zawadi akasema.

"Ulisikia Kifaransa chake?"

"Hapana, Papa." Alianza kulia. "Nilisikia tu *eau* na *enfant*, maji na mutoto. Ingine niliongeza. Waliniuliza wote, nikaona haya kusema sijui."

Papa alituonyesha maji kwa kidevu. "Ndani ya hii ziwa iko mamba," akasema, "na iko kiboko. Hao muwaogope, na musikuje hapa peke yenu. Ile ya ku televizyo haina meno."

Epizodi ya mwisho tuliiona baada ya mwezi, na safari hii mkalimani alikuwa Papa Aline. Kumbe yule mwanamke hakubeba mtoto wa mtu. Alikuwa mama aliyefiwa na mwanawe majini, akipita nyumba kwa nyumba kumtafuta. Yule wa ndoo alikuwa ameanguka, na yeye ndiye aliyemtoa. Ilikuwa tamthilia ya kulia, na watu wazima walilia. Sisi tulikuwa tumeangalia nyingine kabisa, iliyotungwa na msichana wa miaka kumi na mitatu aliyeona haya.

Sasa naishi mtaa wa Nyamianda na nina binti wa miaka kumi na mmoja, Neema. Ndiyo sababu naangalia naye hizi tamthilia mpya, epizodi kwa epizodi, hata kama ananiona mzigo. Anayoipenda sasa imetafsiriwa Kiswahili, hakuna wa kukudanganya. Maoni yangu ninayo. Ya kwanza nzuri, wanapika chakula cha kweli na moshi unawaliza. Ya pili, mke wa tajiri analala na rangi ya midomo, anaamka nayo. Ya tatu, mgonjwa yuko mahututi na nywele zimesukwa jana. Ya nne wanaleta mzimu, na muziki unakuamuru uogope kabla hata mlango haujafunguka. Mimi niliogopa. Neema alikuwa anakula karanga.

"Ni efe tu, Mama," akaniambia, maana yake ujanja wa kompyuta. "Wanazitengeneza ku ordinateri."

Nikacheka, nikafikiri: hawa watoto hawana hofu. Wametuzidi.

Ya tano tuliiangalia juzi mchana. Hakuna mzimu. Kuna kijiji, watu wako sokoni, na kwa mbali risasi tatu, si kubwa, kama mtu anayepiga bati. Nilipogeuka Neema hakuwa kwenye kiti. Alikuwa chini, ubavuni mwa ukuta, mbali na dirisha, amejilaza kifudifudi na mikono juu ya kichwa, vile tulivyomfundisha sisi wazazi wake kwa siku ambazo risasi zinalia kweli mtaani. Karanga zilikuwa zimemwagika zote.

"Neema, ni efe tu," nikasema.

"Najua," akanijibu, na hakuinuka.

Nikalala naye pale chini. Nilifikiria utoto wetu, jinsi hofu yetu kubwa kuliko zote ilivyokuwa mwanamke asiyekuwepo, na jinsi baba mmoja mwenye suruali iliyokunjwa alivyoweza kuimaliza kwa alasiri moja. Nilitafuta neno kama lile la Papa, haina meno, nimpe mwanangu. Nilikuwa na umri wa kulijua, na sikulipata. Nje pikipiki zilipita, muuza maziwa akapiga kengele, mtaa ukaendelea na mambo yake, na sisi tulibaki simentini, mkono wangu mgongoni mwake, hadi alipopumua taratibu. Enzi zetu wazazi walituambia kitu hakipo, na kweli hakikuwepo.